Kompyuta ya Darizi ya Shangazi: Shajara ya Kubadilisha Pawa Saplai

Chungu cha 9 cha Ramadhani, Jumatatu

Shangazi kanipigia simu saa tisa alasiri, sauti imenywea. "Baba, kompyuta imegoma kabisa. Tangu asubuhi nabonyeza." Nikamwambia asiiguse tena, aichomoe ukutani, nakuja baada ya futari.

Duka lake liko Ngamiani, hapa Tanga, chumba cha mbele cha nyumba aliyoacha babu. Anadarizi kola na vifua vya kanzu, mabuibui, foronya za maharusi. Ramadhani ndiyo inayombebea mwaka mzima. Kanzu za Idi zimepangwa kwenye rafu, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe, na tulipozihesabu zilizobaki ni 46. Mashine ya darizi yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni kompyuta inayoipelekea michoro.

Niiandike kompyuta ilivyo, maana kila uamuzi utatoka hapa. Pentium 4 ya GHz 2.8, madabodi (ubao mkuu) ya mwaka 2003, RAM ya MB 512, diski ya GB 40 ya aina ya zamani iitwayo IDE, draivu ya DVD, draivu ya flopi, Windows XP. Haijawahi kuunganishwa na intaneti. Nyuma ina matundu mawili yanayoibakisha kazini hadi leo: tundu la COM, linalopeleka mchoro kwenye mashine kwa waya, na tundu pana la printa za zamani, lenye vitobo 25, ambalo limechomekwa ufunguo wa programu ya kuchorea darizi. Ufunguo usipoonekana, programu haifunguki. Watu humwambia shangazi anunue kompyuta mpya, na wanamtakia mema, lakini kompyuta mpya nyingi hazina tundu hata moja kati ya hayo mawili. Angeinunua leo na kesho asingeweza kudarizi hata herufi moja.

Nilipomhoji taratibu akanieleza jambo ambalo laiti ningelijua tangu Rajabu. Kumbe kwa miezi miwili kompyuta ilikuwa haiwaki kwa mara moja. Asubuhi anabonyeza mara tano, mara kumi, kisha inakubali, na ikishakubali inafanya kazi mpaka jioni bila tatizo. Mwenyewe akagundua kwamba asipozima swichi ya ukutani usiku, asubuhi haisumbui sana. Basi akaacha kuzima.

Kwa fundi, maneno hayo ni nusu ya jibu. Kifaa kinachokataa kikiwa baridi na kukubali kikishapata joto, cha kwanza kushukiwa ni kapasita zilizokauka, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme. Kapasita ya namna hii ina majimaji ndani. Yakipungua, upinzani wake wa ndani unapanda, na baridi inauzidisha; joto linaupunguza kidogo, kifaa kinapata nafuu, nawe unadhani kimepona.

Leo nimefanya madogo tu. Nimebadilisha kebo ya umeme, nimehama soketi, nimeiruka stabilaiza. Hakuna kilichobadilika: ukibonyeza, feni inazunguka robo duara na kusimama. Kitaa cha kijani kwenye madabodi, kinachotakiwa kutulia muda wote kompyuta ikiwa imechomekwa, kinapepesa kama koroboi kwenye upepo. Nimeibeba kuja nayo nyumbani.

Chungu cha 10, Jumanne

Kabla ya kugusa chochote cha umeme nimeitoa diski. Kompyuta hupatikana, michoro ya shangazi haipatikani tena. Nimeichomeka kwenye kompyuta yangu kwa adapta ya IDE kwenda USB, ile yenye umeme wake wa pembeni, na imesoma bila kulia. Nimenakili folda zote, kisha nikachukua nakala ya diski nzima jinsi ilivyo, ufunguo wa usajili na mipangilio yote ikiwemo.

Kazi ya miaka kumi na minne ya mikono yake imejaa MB 280 tu. Faili la darizi halibebi picha. Linabeba safari za sindano, na kila mshono unachukua baiti tatu, kwa hiyo kola yenye mishono 10,000 ni KB 30 hivi. Ndiyo maana flopi moja ilikuwa inamtosha kwa michoro ya mwezi mzima. Humo kuna kola ambazo bibi alizichora kwa mkono kwenye karatasi ya khaki na shangazi akaziingiza mshono kwa mshono. Nimeziweka kwenye flashi mbili, moja nitampa yeye.

Baada ya hapo ndipo nikafungua kasha.

Nilitegemea vumbi. Nimekuta uzi. Feni ya pawa saplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, imevikwa blanketi la nyuzinyuzi zilizokatika kwenye sindano, za rangi ya maziwa, za dhahabu, na nyeusi kidogo za mabuibui, zimejisokota kwenye mhimili mpaka mapanga matatu kati ya saba hayaonekani. Nimelitoa kwa kibanio kipande kimoja, kama kofia ya mtoto. Miaka yote hiyo hewa ya moto ilikuwa haitoki. Kapasita za elektroliti zina kanuni ambayo mafundi wanaikariri: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Ndani ya hili boksi joto limefanya kazi yake bila haraka.

Kisha vipimo. Rangi za nyaya za ATX, kiwango cha pawa saplai za kompyuta za mezani, kwa kawaida ni hizi: nyeusi ni sifuri, njano ni volti 12, nyekundu 5, rangi ya chungwa 3.3, buluu hasi 12. Zambarau ni volti 5 za akiba, zinazokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa, maadamu imechomekwa. Hizo ndizo zinazoisikiliza swichi ya mbele. Kijani ndiyo inayoamrisha pawa saplai iwake, na kijivu ndiyo inayoijulisha madabodi kwamba umeme umetulia, sasa anza.

Hapa ndipo ningeweza kupotea. Nimechomoa plagi zote, pawa saplai ikabaki peke yake, nikapima zambarau: volti 4.93. Inaruhusiwa kati ya 4.75 na 5.25, kwa hiyo ni nzima. Nikachukua kipande cha waya nikaunganisha kijani na nyeusi. Feni ikazunguka vizuri kabisa. Njano 12.1, nyekundu 5.1. Kwa kipimo hicho mtu angesema pawa saplai haina kosa, angeihukumu madabodi, na mashine ya shangazi ingeishia kwa wauza vyuma chakavu.

Nikarudisha plagi kubwa kwenye madabodi, nikachomeka mkono wa multimita, kile kipima umeme, kwa nyuma ya plagi, kwenye ule waya wa zambarau, nikawasha ukutani. Volti 3.9. Ikapanda 4.3, ikashuka 3.8, ikawa inacheza hivyo hivyo sambamba na kile kitaa cha kijani. Madabodi ilikuwa inaomba umeme kidogo sana, hata ampea moja haifiki, na huo kidogo ulikuwa unamshinda mtoaji.

Pawa saplai ipimwe ikiwa imebeba mzigo. Isipobeba kitu, hata iliyochoka husimama wima.

Chungu cha 11, Jumatano

Niliiacha usiku kucha imechomolewa. Leo nimeifungua, na naandika hapa kwa uzito: asiyejua asifungue. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa upande mmoja ndani ya boksi hili hufika volti 325 hivi, na unakaa kwenye kapasita mbili kubwa zilizosimama karibu na mlango wa kuingilia. Kwa kawaida kuna rezista za kuumwaga, lakini rezista nayo huweza kufa, na ukiweka kidole hapo haitakuuliza kama umechomoa ukutani. Nimepima kila moja kabla ya kusogeza mkono: 0.4 na 0.6. Salama.

Wagonjwa wameonekana bila kutafutwa. Kapasita mbili za mikrofaradi 1000, volti 10, zilizo upande wa zile volti 5 za akiba, vichwa vimefura kama kifuniko cha soda iliyochacha. Moja imevuja kwa chini, umajimaji wake umekauka rangi ya kahawia, umeshikana na nyuzi. Ubao chini yake umeungua rangi ya ukoko. Upande huo wa akiba haupumziki. Kompyuta ikizimwa wenyewe unaendelea, mchana na usiku, na wakati huo feni imesimama. Ndiyo maana aghalabu huanza kufa wao. Na hizi ni za kipindi kibaya: kuanzia karibu 1999 hadi 2007 dunia nzima ilipata kapasita nyingi zilizotengenezwa na majimaji mabovu, zikawa zinafura na kupasuka kabla ya wakati.

Nimekagua madabodi kwa tochi, hasa kapasita zinazoizunguka prosesa. Vichwa vyote bapa, hakuna iliyovuja. Nimeshukuru.

Fundi redio wa jirani, mzee ninayemheshimu, amekuja kuangalia. Amesema atang'oa mbili kwenye televisheni ya zamani anichomee jioni, bure. Nilifikiri sana. Thamani ya mikrofaradi ingelingana, lakini kazi hii inataka kapasita yenye upinzani mdogo wa ndani, inayohimili nyuzi 105, na za kwenye ile televisheni zimeandikwa 85, nazo zimeshakula miaka yao. Halafu zilizobaki humu zimepitia joto lile lile. Na mhimili wa feni, baada ya kuutoa uzi, unakwaruza. Ningebadilisha mbili leo na nyingine ingekufa wiki ya mwisho ya Ramadhani, kanzu zikiwa nusu. Nikamwambia, "Mzee wangu, ningekuwa na mwezi mmoja ningekubali." Akaelewa. Akaniomba mwili wa ile pawa saplai mbovu akatoe sumaku na zile nyaya, nimemwachia.

Uamuzi: pawa saplai nyingine nzima.

Chungu cha 12, Alhamisi

Vipimo vya kutafutia nimeviandika kwenye karatasi niliyoibeba mfukoni.

Umbo, ATX ya kawaida: upana milimita 150, kimo 86, kina 140, skrubu nne nyuma. Nimepima kwa rula kwa sababu kuna kompyuta za kampuni ambazo pawa saplai zake zina umbo lao, na kuna za miaka ya mwisho ya tisini ambazo plagi inafanana kabisa na ATX lakini nyaya zimepangwa vingine. Ukichomeka ya kawaida humo unaichoma madabodi. Ya shangazi ni ya kuungwa na fundi, rangi za nyaya zinalingana na mpangilio wa kawaida tundu kwa tundu. Nimezifuata zote 20.

Plagi: kubwa ya tundu 20, ndogo ya mraba ya tundu nne ya volti 12 kwa ajili ya prosesa, mbili pana za Molex kwa diski na DVD, na ile ndogo kabisa ya flopi. Hii ya flopi ndiyo ngumu, kwenye nyingi za siku hizi imeondolewa.

Mzigo: prosesa hii hula wati 70 hivi, na ukihesabu kinachopotea njiani kwenye madabodi, ni kama ampea 7 kwenye volti 12. Diski inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwa sekunde chache, DVD moja na nusu. Nataka njano yenye ampea 14 au zaidi, ili isifanye kazi roho juu.

Dukani mjini nimeonyeshwa mpya, boksi la kung'aa, limeandikwa 500W kwa herufi kubwa kuliko jina lake. Nikaomba nisome stika ya ubavuni. Volti 12, ampea 10. Volti 5, ampea 18. Volti 3.3, ampea 14. Nikapiga hesabu mbele ya muuzaji: 120, na 90, na 46. Jumla wati 256, na hapo ni kama kila laini ingebeba mwisho wa uwezo wake kwa pamoja, jambo ambalo hazifanyi. Nikaibeba mkononi, nyepesi. Duka la pili yake wanauza maharage, nikaomba mizani: gramu 710. Ile mbovu ya shangazi, ya wati 300, ilikuwa kilo 1.4. Uzito peke yake si ushahidi, lakini shaba ya transfoma na vipande vya alumini vya kupoza joto lazima vionekane mahali fulani. Niliirudisha kwa heshima.

Jioni nimempata mtu Kariakoo anayeuza vilivyotolewa kwenye kompyuta za ofisi. Ana ya wati 300, njano ampea 16, plagi ya 20 yenye nyongeza ya nne inayochomoka, Molex tatu, na ya flopi ipo. Nilimwomba anipigie picha ya stika na ya kila plagi, akapiga zote kwa uvumilivu. Shilingi 28,000 na nauli ya basi. Nimelipa kwa simu.

Chungu cha 13, Ijumaa

Basi limechelewa. Nimekaa stendi ya Kange mpaka adhana ya magharibi, nimefuturu tende na maji hapo hapo. Mzigo umefika saa tatu usiku. Shangazi kauliza mara mbili kwa simu, nikamwambia umeshafika mkononi.

Chungu cha 14, Jumamosi

Nimeifungua boksi asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia.

Kitu cha kwanza nilichokiangalia ni kile kiswichi chekundu cha nyuma, kinachozama ndani kidogo, kinachosogezwa kwa ncha ya bisibisi. Kilikuwa kimesimama kwenye 115.

Niliweka kebo chini kwanza. Muuzaji aliniambia kompyuta ilikotoka ni Marekani, na huko umeme wa nyumbani ni volti 120. Kiswichi kikiwa upande wa 115, saketi ya ndani inaurudufu umeme unaoingia ili ufikie kiwango cha kazi. Ukiipa 230 ikiwa hivyo, kila kapasita moja kubwa, iliyotengenezwa kwa volti 200, inapokea karibu 325. Inapasuka kwa kishindo hapo hapo, na ikiwa kompyuta imeunganishwa huna hakika nini kingine kitaondoka nayo. Nimekisogeza kwenye 230, kimelia "tak", nikaangalia tena kwa tochi, kisha nikakiziba kwa utepe mweusi ili mkono wa mtu yeyote usikisogeze kwa kusafisha.

Nimepuliza vumbi, nimetikisa kusikiliza kama kuna skrubu iliyolegea ndani, nimezungusha feni kwa ncha ya penseli; inateleza. Kwa matundu ya ubavuni nimechungulia kapasita ninazoweza kuziona, vichwa bapa.

Kupima sasa najua namna. Nimechukua balbu ya taa ya breki ya gari, volti 12 wati 21, nikaifunga kwenye waya wa njano na mweusi wa Molex. Hiyo ni ampea 1.75, mzigo mdogo ila wa kweli. Kijani na nyeusi zikaunganishwa, nikawasha ukutani nikiwa nimesimama hatua moja nyuma. Balbu ikawaka, nyeupe na imetulia. Njano 12.05. Nyekundu 5.08. Chungwa 3.34. Zambarau 5.03. Buluu hasi 11.7. Kijivu 4.9, maana yake yenyewe imejiridhisha. Nimeiacha saa nzima, nimepima tena, zimesogea kwa sehemu ya mia tu. Laini kubwa zinaruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 5, hizi hazijakaribia hata nusu ya hapo.

Chungu cha 15, Jumapili

Kuifunga kumechukua dakika ishirini. Skrubu nne, kwanza zote nusu nusu, kisha kukaza, maana ukikaza moja mpaka mwisho ya nne haioni tundu lake. Ile nyongeza ya tundu nne kwenye plagi kubwa imeteleza ikachomoka, ikabaki 20 kamili. Ikikaa pembeni haina madhara, nimeifunga kwa kibano isiguse feni.

Waya mweupe, ule wa hasi 5, kwenye hii mpya haupo, tundu lake liko wazi. Nilijua. Hitaji hilo liliondolewa kwenye viwango vya ATX kwa kuwa waliokuwa wanalitumia ni kadi za ISA za zamani, na madabodi hii haina nafasi ya ISA hata moja.

Plagi ya flopi inataka jicho. Ni laini, na mkono wenye haraka huweza kuiingiza ikiwa imehama pini moja, hapo umeme unakwenda mahali pa sifuri. Nimeichomeka kwa kutumia kioo kidogo.

Nikabonyeza swichi ya mbele mara moja. Feni zote zikaanza, kile kitaa cha kijani kimesimama imara, ikalia "pi" moja fupi. Nilikaa kimya kidogo.

Kioo cha kompyuta kikaandika kwamba kumbukumbu ya mipangilio imepotea, nibonyeze F1. Tarehe imerudi 1 Januari 2003. Betri ya CR2032 nimeipima ina volti 2.3, uchovu wake ulikuwa unafichwa na zile volti 5 za akiba tangu shangazi aache kuzima ukutani. Nimeweka mpya, nimeweka tarehe na saa, Windows ikafunguka na picha ya wajukuu wa shangazi ikatokea.

Halafu programu ya darizi ikakataa. "Ufunguo haukuonekana."

Saa mbili zilipotea hapa. Nilichomoa ufunguo, nikasafisha pini kwa spiriti, nikarudisha. Nilipima volti za kila laini, zote sawa. Nikaanza kuogopa kwamba ule umeme wa kucheza umeudhuru. Ndipo nikakumbuka kwamba betri ilipokufa BIOS, programu ya ndani ya madabodi inayoamsha kompyuta, ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na tundu la printa ni sehemu ya mipangilio hiyo. Nikaingia: tundu limewekwa kwenye hali ya ECP. Nikaliweka kwenye hali ya kawaida, SPP, anwani 378, nikahifadhi, nikawasha upya. Programu imefunguka. Nimenakili mipangilio yote ya BIOS kwa kalamu, nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kasha, tarehe na yote, kwa ajili ya atakayefungua baada yangu.

Mzigo kamili, diski inanakili na prosesa imeshughulishwa: njano 11.93, zambarau 5.01.

Chungu cha 16, Jumatatu

Nimeirudisha dukani saa nne asubuhi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, karibu, iweke pale pale pake." Kabla sijaichomeka ameshika kasha kwa kipande cha khanga. Nikamuuliza khanga ya nini. "Si huwa inanitekenya mkono? Nimeizoea."

Hilo nalo lilikuwa halijaniingia sikioni mpaka leo. Nimechomeka, nimeweka mkono mmoja wa multimita kwenye chuma cha kasha na mwingine kwenye ethi ya soketi ya ukutani: volti 108. Mlangoni mwa kila pawa saplai kuna kichujio chenye kapasita mbili ndogo, moja inatoka laini ya moto na nyingine laini ya sifuri, zote zinakwenda kwenye chuma cha kasha ili zimwage kelele za umeme ardhini. Ethi isipokuwepo, chuma kinabaki katikati, karibu nusu ya 230. Ampea zake ni chache, ndiyo maana unatekenywa tu. Lakini kasha hilo limeunganishwa na mashine ya darizi kwa waya wa COM, na tofauti kama hiyo kati ya vifaa viwili inaweza kuua tundu lenyewe siku moja ukiuchomeka waya.

Soketi ya ukutani ina ethi nzuri. Kosa liko kwenye ekstensheni: mtu alikata plagi ya pini tatu akafunga ya pini mbili, waya wa kijani na njano ukakunjwa ukabanwa nje. Nimefunga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 5, nimeupeleka kila waya mahali pake. Chuma cha kasha sasa kinasoma volti 1.1. Shangazi amegusa kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja, akakiacha hapo.

Tumehamisha pia mahali pa kukaa. Kompyuta ilikuwa sakafuni chini ya mashine, ikimwagiwa uzi wote. Imepanda kwenye rafu ya mbao, nyuma imeachwa nafasi ya shubiri moja, na nimeshonewa kitambaa chepesi cha wavu mbele ya tundu la kuingiza hewa, cha kufuliwa kila Ijumaa.

Mchoro wa kwanza ameuchagua mwenyewe, kola ya bibi. Ameupeleka, taa ya mashine ya darizi ikapepesa kupokea, sindano ikashuka.

Chungu cha 22, Jumapili

Nimepita kupima tu. Zambarau 5.02 asubuhi kabla ya kuwashwa, njano 11.95 ikiwa kazini. Usiku baada ya tarawehe soketi ilisoma volti 197, stabilaiza ikainua mpaka 224. Nimemwonyesha shangazi kwamba ikishuka chini ya hapo azime asubiri. Sasa anazima ukutani kila akifunga duka, na asubuhi inawaka kwa mbonyezo mmoja. Wavu umeshika uzi wa dhahabu, umeshafuliwa mara moja. Zimebaki kanzu 11.